Mabamba ya dunia hayagongani siku ya tetemeko. Njooni tuelewane hapa

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila likitokea tetemeko kubwa mahali fulani duniani, haipiti saa moja maelezo yaleyale yanaanza kuzunguka kwenye magrupu: "mabamba mawili ya dunia yamegongana." Nimeyakuta hata kwenye habari za watu wanaolipwa kuandika. Ukiyasoma unapata picha ya malori mawili: yalikuwa yameegeshwa, mara usiku mmoja yakavamiana. Picha hiyo ni mbovu, na kwa maoni yangu ndiyo inayowafanya watu wasielewe yote yanayofuata: mitetemo ya baadaye, tsunami, na kwa nini hakuna mtaalamu anayetaja tarehe. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nianze na ninachokitetea. Mabamba yanatembea kila siku, hata sasa hivi unaposoma. Tetemeko hutokea pale sehemu iliyokuwa *imekwama* inapoachia. Yaani mwendo haukuanza siku hiyo. Siku hiyo umelipwa mwendo wa miaka mingi uliokuwa unadaiwa.

Tushuke kidogo. Kutoka juu hadi katikati ya dunia ni kama kilomita 6,370. Ukoko wa juu ni mwembamba mno: chini ya bahari ni kama kilomita 7, chini ya mabara wastani wa 35 au zaidi kidogo, na chini ya Himalaya unafika 70. Lakini bamba si ukoko peke yake. Ni ukoko pamoja na sehemu ya juu ya koti la dunia (tabaka nene la mwamba lililo chini ya ukoko), ile iliyopoa ikakakamaa, jumla kama kilomita 100 kwenda chini. Pande hilo lote ndilo linalotembea. Makubwa yapo saba hivi, madogo ni mengi.

Kasi yake ni ya ukucha kukua. Sakafu ya Atlantiki inapanuka kwa kama sentimita 2 na nusu kwa mwaka. Bamba la Nazca linazama chini ya Amerika Kusini kwa kama sentimita 7. Siku hizi hilo si jambo la kukisia: vifaa vya GPS vinafungwa kwenye mwamba na mwendo unasomwa milimita kwa milimita.

Mipakani mabamba hufanya moja kati ya mambo matatu. Huachana, kama katikati ya Atlantiki au kwenye Bonde la Ufa (kule Afar, Ethiopia, mwaka 2005 ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 na kuachana hadi mita 8 ndani ya wiki chache, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipanda kujaza nafasi). Hupishana ubavu kwa ubavu, kama kwenye ufa wa San Andreas kule California, Marekani. Au husukumana uso kwa uso, moja likazama chini ya jingine. Hili la tatu ndilo linalozaa matetemeko makubwa kuliko yote.

Sasa jaribio. Tafuta tofali, ubao mkwaruzo na mpira unaovutika, ule wa tyubu ya baiskeli unafaa sana. Funga mpira kwenye tofali, kisha vuta ncha ya pili polepole, kwa mwendo uleule, usiharakishe. Tofali litakaa kimya. Mpira unarefuka, unarefuka, mkono wako unaendelea na safari, tofali bado limenuna. Halafu ghafla, *krrk*, linaruka mbele na kutulia tena. Mkono wako haukubadili kasi hata mara moja. Mkono ndio bamba. Mpira ni mwamba unaopinda. Msuguano kati ya tofali na ubao ndio ufa uliokwama. Na ile *krrk* ndiyo inayobomoa miji.

Mwamba unapinda? Ndiyo, kidogo kidogo, kama rula ya plastiki. Aprili 18, 1906, ufa wa San Andreas uliachia kwa urefu wa zaidi ya kilomita 400, San Francisco ikaanguka na kuungua. Nyua za mashamba zilizokuwa zimejengwa kuvuka ufa zilikutwa zimekatika, kipande kimoja kimehama mita kadhaa kutoka kwa mwenzake. Palipozidi ilikuwa kama mita 6. Mwanasayansi Harry Fielding Reid akachukua vipimo vya wapima ardhi vya miaka ya nyuma, akavilinganisha na vya baada ya tetemeko. Akaona kwamba alama zilizokuwa mbali na ufa zilianza kusogea miongo kadhaa *kabla* ya 1906. Ardhi iliyo karibu na ufa ndiyo iliyobaki nyuma ikijipinda, na siku ile ikawafikia wenzake kwa mkupuo.

Fikiria ua mmoja tu ulionyooka, unakatiza juu ya ufa. Baada ya miaka 50 umepinda kama herufi S iliyovutwa ncha zake, polepole kiasi kwamba mwenye shamba hajui. Ufa ukiachia, kila nusu inanyooka tena vizuri kabisa, isipokuwa nusu hizo hazitazamani tena.

Ushahidi wa upande wa pili nao upo. Mji wa Hollister, California, umejengwa juu ya ufa ambao haukwami sana, unateleza taratibu mwaka hadi mwaka. Kingo za barabara zimejipinda, kuta zimehama, na hakuna aliyeamshwa usiku kwa ajili hiyo. Ni mwendo uleule wa mabamba, ila haujakwama.

Karibuni.

#2

Nimeshavuta kigoda. Endelea mkuu.

#3

Mkuu, shuleni tulifundishwa kuwa mabamba yanaelea juu ya magma, kama maganda juu ya uji wa moto. Sasa kitu kinachoelea kwenye uji kinakwamaje?

#4 – Mleta uzi

Swali zuri, na huo uji umetuharibia mengi. Koti la dunia, kuanzia chini ya ukoko hadi kina cha kama kilomita 2,900, ni gumu. Ni mwamba. Magma ipo sehemu chache tu, hasa chini ya volkano na pale mabamba yanapoachana.

Tunajuaje? Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya dunia. Ya P husukuma na kuvuta kama sauti, nayo hupita kwenye kigumu na kwenye kimiminika. Ya S hutikisa kwa kukata ubavuni, na hayo hayawezi kupita kwenye kimiminika hata kidogo. Sasa mawimbi ya S yanalipita koti lote bila shida, yakifika kwenye kiini cha nje yanakoma. Kwa hiyo kiini cha nje ndicho kimiminika, chuma kilichoyeyuka, wakati koti ni gumu. Ndani ya kiini hicho kuna kingine kigumu tena. Aliyekigundua ni mwanamama wa Denmark, Inge Lehmann, mwaka 1936, kwa kusoma michoro ya matetemeko tu.

Najua unachotaka kuuliza: kitu kigumu kinatiririkaje? Kuna jaribio lilianzishwa mwaka 1927 katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Lami ngumu imewekwa kwenye faneli. Ukiigonga lami hiyo kwa nyundo inavunjika vipandevipande kama kioo. Ikiachwa kwenye faneli, inadondoka. Tangu hapo yamedondoka matone tisa. Koti la dunia ni polepole zaidi ya hapo kwa mbali mno, ila tabia ni hiyo: ukilipa miaka milioni moja linatiririka, ukilipa sekunde moja ni jiwe.

Na kinachovuta mabamba, kwa sehemu kubwa, ni uzito wao wenyewe. Sakafu ya bahari ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, inazama, na ikizama inaburuta mkia wake. Kitambaa kikianza kuteleza mezani, upande ulioning'inia ndio unaovuta uliobaki juu.

#5

Samahani mleta mada, hapa sikubaliani. India iligonga Asia, Himalaya ikapanda. Hilo linajulikana dunia nzima. Wewe unasema hayagongani?

#6 – Mleta uzi

Umenibana vizuri. India kweli ilikutana na Asia, kama miaka milioni 50 iliyopita, na lugha ya wataalamu wenyewe ni kugongana. Sikatai. Ninachokataa ni kulihesabu kila tetemeko la Nepal kuwa mgongano mpya. Mgongano ni uleule mmoja, haujaisha mpaka leo. India bado inasonga kaskazini kwa sentimita chache kila mwaka. Tetemeko la Aprili 25, 2015, la ukubwa wa 7.8, lilikuwa kipande kimoja cha ufa ulio chini ya Himalaya kilichochoka kushikilia. Kichwa cha uzi nilikikaza ili watu waingie, nakiri.

#7

Mimi nimewahi kupitia tetemeko, na kuna kitu sijawahi kupata jibu lake. Nilikuwa nimekaa mezani usiku. Kwanza likaja pigo moja kutoka chini, kama mtu amegonga sakafu kwa kisigino, glasi ikalia juu ya sahani. Nikajiambia ni lori limepita. Kimya. Nikanyanyua kichwa nisikilize, sekunde nne au tano hivi, ndipo nyumba ikaanza kuyumba kushoto na kulia, taa inazunguka, mlango wa kabati unafunguka wenyewe. Yalikuwa mawili?

#8 – Mleta uzi

Lilikuwa moja, lilikufikia mara mbili. Glasi ililizwa na P, taa ilizungushwa na S. Zinaanza safari pamoja, ila P kwenye ukoko hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde na S kama 3 na nusu. Kadiri ulivyo mbali na chanzo, ndivyo zinavyoachana, kama radi na ngurumo yake. Hesabu ya haraka: chukua sekunde ulizosubiri, zidisha kwa 8. Sekunde tano ni kama kilomita 40 kutoka pale ufa ulipoachia chini ya ardhi.

Vituo vya kupimia hufanya hivyohivyo. Kituo kimoja kinajua umbali tu, hakijui upande. Vikiwa vitatu, kila kimoja kinachora duara lake kwenye ramani, na pale yanapokutana ndipo penyewe. Mifumo ya tahadhari ya mapema nayo inaishi kwenye pengo hilo: vifaa vilivyo karibu vinainasa P, ujumbe unakimbia kwa kasi ya redio, simu zinalia kabla S haijafika. Japani imekuwa ikiwapa wananchi tahadhari hizo tangu 2007. Huo siyo utabiri lakini. Tetemeko limeshatokea, unapewa sekunde tu za kuingia chini ya meza.

#9

Bora yawe yanatokea haya madogo madogo, yanapunguza presha. Kimya kirefu ndicho kibaya.

#10 – Mchangiaji mwingine

Naomba nijibu hili, nafundisha hesabu. Ukubwa wa tetemeko hauhesabiwi kama kilo za sukari. Ukipanda namba moja, mchoro kwenye mashine unakua mara 10, na nishati inaongezeka mara 32 hivi. Namba mbili ni mara 1,000. Sasa tuseme ufa una deni la tetemeko la 8, na wewe unataka lilipwe kwa vitetemeko vya 5. Unahitaji 32 kwa 32 kwa 32, ni kama elfu thelathini na mbili. Hakuna ufa unaokupa hizo. Vidogo vinapunguza deni kama mtu anayekausha kisima kwa kijiko.

Halafu tunaendelea kusema "kwa kipimo cha Richter" kwa mazoea tu. Charles Richter alikitunga mwaka 1935 kwa ajili ya kusini mwa California, na kwa matetemeko makubwa sana kinagota. Siku hizi yale makubwa hupimwa kwa kuangalia ufa wenyewe: eneo lililoachia, umbali lililoteleza, na ukakamavu wa mwamba.

#11

Kwa hiyo 8 lazima iue kuliko 7?

#12 – Mleta uzi

Hapana kabisa. Mwaka 2010 ulitupa mfano mchungu. Januari 12, Haiti, ukubwa 7.0. Februari 27, Chile, 8.8, nishati kama mara 500 ya ile ya Haiti. Chile walikufa mamia. Haiti hata makadirio ya chini kabisa ni makumi ya maelfu, na serikali ilitaja zaidi ya laki mbili. Haiti ufa ulikuwa karibu sana na mji mkuu, hauna kina kirefu, na nyumba za zege hazikuwa na nondo za maana. Chile walikuwa na kanuni za ujenzi zilizokazwa baada ya tetemeko la Mei 22, 1960, la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa.

Udongo nao una sauti yake. Septemba 19, 1985, chanzo kilikuwa pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City. Lakini sehemu kubwa ya katikati ya mji imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Matope yale yakashika mtikiso wa kwenda na kurudi kila baada ya sekunde mbili hivi na kuukuza. Majengo ya ghorofa za kati, kama 6 hadi 15, yanayumba kwa mapigo yanayokaribiana na hayo. Ndiyo yaliyoanguka zaidi, huku nyumba fupi za jirani zikibaki zimesimama. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa mapigo yake mwenyewe, huhitaji nguvu.

#13

Na tsunami inaingiaje hapa? Maji yanatikisika tu?

#14 – Mleta uzi

Maji hayatikisiki, yananyanyuliwa. Bamba linalozama limeshikana na la juu, linaburuta ukingo wake kwenda chini kwa miaka mia kadhaa. Ukingo ukiachia unafyatuka juu pamoja na bahari yote iliyo juu yake. Machi 11, 2011, Japani, sakafu ya bahari karibu na mfereji, yaani bonde refu la chini ya bahari pale bamba linapoanza kuzama, ilisogea kwa takriban mita 50. Desemba 26, 2004, kutoka Sumatra, ufa uliachia kwa zaidi ya kilomita 1,200, na wimbi likavuka Bahari ya Hindi nzima hadi Somalia.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote hakina hata mashine ndani yake. Januari 1700, pwani ya Japani iliingiliwa na tsunami iliyokuja bila tetemeko. Waandishi wa wakati ule waliandika saa na hasara, hawakujua imetoka wapi. Ng'ambo ya pili ya Pasifiki, pwani ya majimbo ya Washington na Oregon, Marekani, ipo misitu ya mizoga ya miti iliyosimama kwenye maji ya chumvi: ardhi ilishuka ghafla, bahari ikaingia, miti ikafa. Wanasayansi wakahesabu pete za miti ile, moja kwa kila mwaka. Pete ya mwisho kabisa ni ya msimu wa 1699, hakuna ya 1700. Ukirudisha wimbi la Japani nyuma hadi upande wa pili, unapata jioni ya Januari 26, 1700. Tetemeko la kama 9 ambalo hakuna aliyeliandika kule lilikotokea, likapatikana tarehe na karibu saa yake. Mpaka wa mabamba ulio kwenye pwani ile ya Marekani umekwama tangu hapo, na GPS zinaonyesha pwani inapinda.

#15

Mbwa wa jirani huwa anajua kabla. Na mwezi ukiwa mkubwa je?

#16 – Mleta uzi

Mbwa anaisikia P ambayo wewe hukuijali, ni sekunde chache tu. Mwezi unavuta ardhi kidogo, na kwenye nyufa fulani wataalamu wameona athari ndogo. Haitoshi kukuambia ulale nje kesho.

#17

Wakuu, nimefanya lile jaribio la tofali. Nimekaa nalo mchana mzima na mtoto wangu, yeye anavuta, mimi naandika kwenye daftari. Tofali lilelile, ubao uleule, mpira uleule, mkono nimemwambia asibadilishe mwendo. Mara linaruka upana wa kidole, mara viganja viwili. Mara linakaa muda mrefu mpaka tunadhani mpira utakatika, halafu linasogea kiduchu tu, kama linatutania. Na kuna wakati lilijirusha mara mbili mfululizo. Nilitaka kukisia mruko unaofuata, nikakosa karibu kila mara. Tatizo ni nini?

#18 – Mleta uzi

Hakuna tatizo mkuu, umefika walipofika wenzako. Kule kujirusha mara mbili kulionekana Uturuki Februari 6, 2023: la 7.8 alfajiri, na kama saa tisa baadaye la 7.5 kwenye ufa wa jirani. Kipande kikiachia, mzigo wake unahamia kwa waliobaki.

Kuhusu kukisia, kuna kijiji California kinaitwa Parkfield, juu ya San Andreas. Kilikuwa na matetemeko ya kama 6 mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Ukiangalia ni kama kila miaka 22. Wataalamu wakasema lijalo litatokea kabla ya 1993 kwisha, wakazungushia eneo lote vifaa na kukaa chonjo. 1993 ikaisha. Lilikuja Septemba 28, 2004, likavikuta vifaa vimewashwa, na havikuonyesha dalili yoyote ya wazi kabla ya ardhi kuachia.

#19

Basi mwanangu atavuta tofali mpaka likizo iishe.

#20

Mwambie abadilishe ubao, aweke laini. Halafu ulete majibu hapahapa.